Landanisha saa

landanisha (kitenzi elekezi): fanya vitu viwili au zaidi viende sawa. Mnyambuliko: landa, landana, landanisha. Nomino: ulandanishi.

Matumizi. Katika taaluma ya kompyuta, kulandanisha saa ni kuzifanya saa za kompyuta zilizo katika mtandao mmoja zionyeshe wakati uleule. Kitenzi hiki kisichanganywe na *linganisha*. Kulinganisha saa ni kupima tofauti iliyopo kati yake; kuzilandanisha ni kuiondoa tofauti hiyo. *Sawazisha* nacho hutumika, lakini katika simu huhusishwa zaidi na data, hivyo *landanisha* huepusha utata.

Ufafanuzi. Kazi hii hufanywa kwa itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1985. Vyanzo vya wakati hupangwa kwa matabaka. Tabaka 0 ni saa yenyewe ya rejeo, kama saa ya atomiki au kipokezi cha GPS. Seva iliyounganishwa nayo moja kwa moja ni tabaka 1. Inayoiuliza hiyo ni tabaka 2. Ofisini, kwa kawaida seva moja huchukua wakati kutoka nje, na kompyuta nyingine huiuliza hiyo. Tofauti ikiwa ndogo, saa hairukishwi: huharakishwa au hupunguzwa kasi kidogo kidogo mpaka ilandane.

Saa zisipolandana, kumbukumbu za mfumo hupoteza mfuatano, na jibu laweza kuonekana limetangulia swali. Aidha, mfumo wa uthibitishaji wa Kerberos kwa kawaida huvumilia tofauti isiyozidi dakika 5. Ikizidi, mtumiaji hukataliwa ingawa nywila yake ni sahihi.

Mifano.
Sahihi: *Saa za kompyuta zote zimelandanishwa na saa ya seva.*
Si sahihi: *Saa za kompyuta zote zimelinganishwa, kwa hiyo sasa zinaenda sawa.*

Tanbihi kwa wafasiri. NTP husambaza wakati wa UTC. Afrika Mashariki huongeza saa 3. Kumbukumbu ikisoma 14:00 kwa wakati wa Nairobi, msemaji husema *saa nane mchana*. Tofauti hiyo ya saa 6 ni ya lugha, si hitilafu ya saa. Tarakimu za kumbukumbu ziachwe zilivyo: mfasiri akiandika 8:00 mahali pa 14:00, msomaji atadhani tukio lilitokea asubuhi.