Kosa 32: "Mtumiaji Mwingine" Anayeshika Faili Yako Si Mtu

Kuna ujumbe mmoja umeleta maneno mengi kwa ofisi zetu kuliko chai iliyopotea. Uko kwa Word ama Excel, unataka kuendelea na kazi, halafu kompyuta inakuambia faili imefungiwa na "mtumiaji mwingine". Mwingine nani? Hakuna jina. Basi kila mtu anaanza kumwangalia jirani.

Leo nataka tuongee historia, juu huo ujumbe haukutoka hewani. Kufuli iliyo nyuma yake ina zaidi ya miaka 40, ina nambari yake, na kuna watu waliokaa chini wakaamua ifanye kazi hivyo. Na wasee, mara nyingi huyo "mtumiaji mwingine" hata si binadamu. Ni priviu, kile kidirisha cha upande wa kulia kinachokuonyesha yaliyo ndani ya faili ukiibonyeza mara moja, kabla hujaifungua.

Tuanze mbali kidogo. Miaka ya 60 kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na kazi ilipelekwa kwa kadi zenye matundu. Kwa mfumo wa IBM ulioitwa OS/360, uliotangazwa 1964, ulikuwa unasema mapema utaishika faili vipi. Ukiandika SHR, umekubali kazi zingine ziitumie pamoja nawe. Ukiandika OLD, umesema ni yako peke yako mpaka umalize, na wengine wapange foleni. Hakuna mtu alikuwa anashika faili kwa bahati mbaya. Ilikuwa lazima utamke.

Halafu kukaja vijana wa Bell Labs. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza Unix mwaka wa 1969, na 1974 wakachapisha maelezo ya mfumo wao. Kuhusu kufuli za faili walisema wazi: kwa mazingira yao hazihitajiki, na hata zingekuwepo hazingetosha. Sababu yao ilikuwa na akili. Kama watu wawili wanahariri kitu kimoja, na kila mmoja programu yake imemtengenezea nakala, kufuli ya kawaida haitazuia kuchanganyikiwa. Kwa hivyo kwa Unix, na kwa Mac na Linux zilizofuata njia hiyo, anayesoma kwa kawaida hamzuii anayeandika. Unaweza hata kufuta faili mtu akiwa bado anaisoma. Jina linatoka kwa folda, lakini yaliyomo yanabaki mpaka msomaji amalize.

Microsoft walichukua njia ingine. DOS ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja na mashine moja, sasa kufuli ya nini? Lakini ofisi zikaanza kuunganisha kompyuta kwa waya, na Agosti 1984 DOS 3.0 ikatoka na programu inaitwa SHARE. Kuanzia hapo, programu ikifungua faili inatangaza inawaruhusu wengine wafanye nini. Mwingine akija na ombi lisilolingana na hilo tangazo, anarushiwa kosa nambari 32. Windows NT ya 1993 ikachukua wazo hilo na kuliweka ndani kabisa ya mfumo. Fungua Windows 11 leo, programu igongane na nyingine juu ya faili, kosa bado ni 32. Hiyo nambari imenizidi umri kwa karibu miaka 20.

Hapa ndipo kuna kitu watu wengi hawajui. Programu ya Windows ikifungua faili, inafaa kutaja vitu vitatu: kama wengine wanaweza kusoma, kama wanaweza kuandika, na kama wanaweza kufuta au kubadilisha jina. Isipotaja chochote, Windows inachukulia imekataa vyote. Ukinyamaza, umepiga kufuli. Ni kama bafu ya ploti. Unaweza kuwa umeingia kujiangalia tu kwa kioo, huogi, lakini komeo likiwa limeingia kwa ndani, wenye taulo huko nje watakungoja tu.

Sasa priviu ikaingia lini? Tayari Windows XP ilikuwa inachora vipicha vidogo vya faili na kuvihifadhi kwa faili iliyojificha inaitwa Thumbs.db. Vurugu ilianzia hapo. Unataka kufuta folda, inakataa, kumbe Explorer yenyewe ndiyo imeshika Thumbs.db. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilihamisha vipicha vya faili za ndani ya kompyuta hadi sehemu moja ya siri. Lakini Vista hiyo hiyo ikaleta kidirisha kikubwa zaidi, kinachoweza kukuonyesha ukurasa mzima wa Word ama jedwali la Excel. Ili uone ukurasa, lazima programu fulani iende ikafungue faili kwa niaba yako. Wewe unajua umebonyeza mara moja tu. Kompyuta inajua faili iko wazi.

Na Word nayo ina tabia zake za kuhifadhi. Haiandiki juu ya faili ya zamani. Inaandika faili mpya ya muda, halafu inasukuma ya zamani kando na kuipa mpya jina lile. Kama kuna programu imeshika ile ya zamani na haikuruhusu ibadilishwe jina, mpango wote unakwama. Unaambiwa huna ruhusa. Faili yako mwenyewe, kwa laptopu yako mwenyewe, na uko peke yako kwa nyumba.

Baada ya kuacha chuo nilifanya vibarua kwa ofisi moja hapa Nairobi. Kulikuwa na bajeti ya Excel kwa folda ya pamoja, na kila mwisho wa mwezi ilikuwa inakataa kuhifadhi. Swali lilikuwa lile lile: "Nani amefungua bajeti?" Msichana mmoja wa attachment alilaumiwa mara mbili, mara ya pili mbele ya kila mtu. Hakuwa ameigusa. Siku moja nikapita nyuma ya meza ya mkubwa, nikaona folda iko wazi, bajeti imebonyezwa, na priviu yake inang'aa upande wa kulia.

Nikamwambia, "Madam, samahani, hebu bonyeza hiyo faili ingine kiasi."

Akabonyeza. Mhasibu upande ule mwingine akasema, "Imeingia!" Kazi ikaendelea. Yule dada hakuna mtu alimwambia pole.

Hiyo ndiyo inaniuma, kwa sababu mashine ilikuwa na jibu. Vista iliyotuletea kidirisha ilileta pia Restart Manager, njia ya programu kuuliza Windows: ni nani ameshika faili hii? Mwaka wa 2022 Microsoft waliongeza File Locksmith kwa PowerToys, kifaa cha kukuonyesha programu iliyoshika faili kwa kompyuta yako. Na faili ikiwa kwa seva, msimamizi anaweza kuona orodha ya zilizofunguliwa na nani amezifungua. Habari ziko. Ila anayelaumiwa ndiye haonyeshwi.

Si eti Unix wako sawa kabisa. Bila kufuli, watu wawili wakifungua ripoti moja, wa mwisho kuhifadhi anaweza kufuta kazi ya wa kwanza kimya kimya. Ndiyo maana LibreOffice inaacha faili ndogo inayoanza na .~lock kando ya kazi yako, na Word inaacha yake inayoanza na ~$, yenye jina la mtumiaji. Word ikianguka vibaya, hiyo ~$ inaweza kubaki, na ukirudi unaambiwa faili imefungwa na wewe. Google Docs ya 2006 iliruka mjadala wote kwa kuwaacha watu waandike pamoja ndani ya hati moja. Poa sana, kama bando iko. Lakini kwa saiba, kwa flash disk, kwa ofisi zenye folda za pamoja, bado tunaishi na sheria za 1984.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Priviu ni kitu kizuri, lakini programu ya kuonyesha tu haina haki ya kumzuia mwenye kazi kuhifadhi. Ichukue nakala, iachilie faili, basi. Na ujumbe wa "mtumiaji mwingine" utaje ni programu gani, ama ni kompyuta gani. Tekinolojia ya kutaja iko tangu 2007.

Sisi tukingoja, kwa Windows shika Alt na P ukiwa ndani ya folda, kidirisha kinafungika. Ukiambiwa faili imeshikwa, uliza kwanza kama kuna mahali imebonyezwa na priviu iko wazi, ukianza na kompyuta ya boss. Na kama uko attachment sai na umeshaanza kuangaliwa vibaya kwa sababu ya bajeti hujawahi hata kuiona, tuma hii kwa group ya ofisi.