Merikebu Mbali na Bahari: Santo António de Tanná, Uundaji wa Mifano na Msamiati wa Kiswahili Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya merikebu ya mfano kama chanzo cha historia na cha msamiati. Kwa kurejelea Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Kireno iliyozama Mombasa mwaka 1697, yanaonesha kuwa kazi ya kuunda mfano hulazimisha kila neno kupata mahali pake. Hoja hiyo inahusishwa na ufundishaji wa Kiswahili Arua na Koboko, ambako lugha ilitangulia na maarifa ya mwambao hayakuifuata.

1. Utangulizi

Kiswahili kilifika Nile Magharibi bila bahari. Baada ya eneo hilo kuingizwa Uganda mwaka 1914 na Arua kufanywa makao ya utawala, vijana wengi wa huko waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi lililotumia Kiswahili kutolea amri. Koboko, kwenye mipaka ya Kongo na Sudan Kusini ya leo, lugha hiyo ilikutana na Kinubi na kuingia pia sokoni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hivyo Kiswahili kimepita kambini, sokoni na sasa darasani. Hata hivyo, sehemu moja ya urithi wake, yaani msamiati wa vyombo vya baharini, imebaki kwenye kamusi. Mwanafunzi wa Koboko anayekariri neno "mkuku" pasipo kuuona mkuku hulipokea kama askari apokeavyo amri: hulitamka, halihoji.

2. Merikebu iliyozama chini ya ngome

Santo António de Tanná iliundwa kwa mbao za msaji huko Bassein, kaskazini mwa Mumbai, ikakamilika mwaka 1681. Waomani na washirika wao walipoizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696, merikebu hiyo ilitumwa kutoka Goa pamoja na vyombo vingine kupeleka msaada. Ilifika Mombasa Desemba 1696, ikaondoka, kisha ikarudi Septemba 1697. Mwezi uliofuata kamba zake za nanga zilikatika. Ilisukumwa hadi ufukweni, ikapoteza usukani, na hatimaye ikazama mbele ya ngome. Ngome yenyewe ilitekwa Desemba 1698.

Wapiga mbizi waliyagundua mabaki hayo katika miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980 yalichimbwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa ushirikiano na Institute of Nautical Archaeology ya Marekani, chini ya uongozi wa Robin Piercy. Kiunzi kilichosalia kilikuwa cha sehemu ya chini. Milingoti na matanga vilikuwa vimetoweka. Kwa hiyo anayetaka kuijua merikebu nzima hana budi kuijenga upya kutokana na hicho kilichobaki.

3. Mfano kama hoja

J. Richard Steffy, fundi wa umeme kutoka Pennsylvania, ni miongoni mwa waliogeuza kazi hiyo kuwa taaluma. Aliunda mifano ya mbao ili kuelewa mabaki ya chombo cha kale kilichopatikana Kyrenia, Saiprasi. Mantiki yake ni nyepesi: ubao ukikataa kufuata umbo lililodhaniwa, dhana ndiyo irekebishwe. Mwambao wa Kenya nao una ushahidi wa aina hii. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mifano yake iliyohifadhiwa ni miongoni mwa mashahidi waliobaki.

Uundaji una utaratibu usiopinduliwa. Kwa kipimo cha 1:50, mita moja ya merikebu huwa sentimita 2. Hulazwa kwanza mkuku, zikafuata fashini za omo na tezi, kisha mataruma, kisha mbao za ubavuni, ndipo kalafati na sitaha. Milingoti husimikwa baadaye, nayo hufungwa kamba za kuishikilia kabla ya kamba za kazi, kama vile henza inayopandisha foromali na demani inayoshika pembe ya tanga. Anayetanguliza henza huuona mlingoti ukivutwa upande. Kamusi huyatenga maneno demani, foromali na henza kwa alfabeti, lakini mfano huyaunganisha kwa kazi.

4. Pale msamiati unapofikia mpaka

Kazi hiyo pia hufichua mipaka ya lugha. Foromali ya jahazi ni moja kwa kila tanga, nayo hukaa mshazari. Merikebu ya Kireno ya karne ya 17 ilikuwa na foromali kadhaa za kukingama katika mlingoti mmoja, moja juu ya nyingine. Mwalimu atalazimika kusema "foromali ya chini", "ya kati" na "ya juu". Lakini kwenye galme, mlingoti wa nyuma, tanga la merikebu za aina hiyo lilikuwa la pembetatu kama la jahazi, na hapo maneno ya mwambao hukaa bila kurekebishwa. Tofauti hiyo ni historia ya mkutano wa mapokeo mawili ya ubaharia, na huonekana wazi mikononi mwa anayefunga kamba.

5. Nile Magharibi na vyombo

Wakazi wa Nile Magharibi si wageni kabisa wa habari hizi. Katika miaka ya 1870 meli ya mvuke Khedive ilibebwa vipande vipande kupita maporomoko ya Nile, ikaunganishwa Dufile, Moyo ya leo. Miongoni mwa askari wa utawala huo walikuwamo mababu wa Wanubi wa Uganda. Kinubi chao kimetokana na Kiarabu, lugha iliyokipa Kiswahili neno "merikebu". Vilevile, mfugaji wa nyuki wa Arua anaujua mzinga kabla ya kusikia kuwa neno hilo ndilo jina la silaha ya merikebu: vyote viwili ni mwanzi mnene ulio wazi ndani. Msaji nao hupandwa katika eneo hilo, na maseremala wapo.

6. Hitimisho na mapendekezo

Inapendekezwa kwamba vyuo vya ualimu na vya ufundi vya Nile Magharibi viunde kwa pamoja mfano mmoja wa merikebu hii. Kwamba kila sehemu iandikwe kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa na Kinubi, na pasipo neno pengo liachwe wazi badala ya kubuniwa jina kwa haraka. Na kwamba wataalamu wa mwambao washirikishwe tangu kulazwa kwa mkuku. Sera imekwisha kuamua kwamba Kiswahili kifundishwe. Kama kitafundishwa kwa orodha za kukariri, Arua na Koboko zitakipokea kwa mara ya pili kama lugha ya amri. Kikifundishwa kwa kazi ya mikono, mwanafunzi ataweza kuuliza kwa nini taruma liko hapo, na kujibiwa.