Mali Bila Daftari

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache kuhusu historia ya hapa kwetu Nachingwea, kwa faida ya wanafunzi waliopo na sisi tuliotangulia. Naomba radhi nianzie mbali, London, kisha nirudi nyumbani.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Uingereza kumtembelea binti yangu. Jumapili moja mjukuu wangu alinipeleka Bushy Park, bustani ya kifalme iliyo jirani na kasri la Hampton Court. Hapo ndipo Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akiwinda kulungu, na kulungu wangalipo hadi leo. Upo mto uliochimbwa na watu mwaka 1638 na 1639 kwa amri ya Mfalme Charles wa Kwanza, urefu wake kama kilometa 19, ili kupeleka maji kasrini. Yapo pia mashamba ya maua yaliyopandwa chini ya miti mirefu, hata mtu huona kama maua yale yameota porini yenyewe.

Mjukuu wangu lakini hakwenda kutazama maua. Alikwenda kucheza. Mchezo wenyewe huitwa jiokashingi. Mtu huficha kopo mahali, akatangaza latitudo na longitudo zake, na wengine hulitafuta kwa chombo kinachopokea ishara za setilaiti, siku hizi hata kwa simu ya mkononi. Ulianza tarehe 3 Mei, 2000, katika jimbo la Oregon, Marekani, siku moja tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuzipotosha kwa makusudi ishara walizopokea raia. Anayeliona kopo huandika jina lake katika daftari lililomo ndani, kisha hulirudisha pale pale. Kuchimba ni marufuku.

Siku ile hatukupewa namba za mahali. Tulitakiwa kuziokota wenyewe katika maandishi yaliyomo bustanini na kandokando yake. Bamba moja lilieleza habari za Jenerali Eisenhower, ambaye makao yake makuu yalikuwa humo mwaka 1944 alipokuwa akipanga kuivamia Ulaya iliyotekwa na Wajerumani. Jiwe jingine lilimkumbuka Timothy Bennet, fundi viatu, ambaye mwaka 1752 alisimama kidete dhidi ya bwana mkubwa aliyekuwa ameifunga njia ya wananchi kupita bustanini, na njia ikafunguliwa. Tuliunganisha tarakimu, tukatoka nje ya uzio, tukalikuta kopo chini ya kichaka.

Ndugu zangu, nilikaa kwenye benchi nikawaza. Fundi viatu wa miaka zaidi ya 250 iliyopita ana jiwe lake! Sisi tunalo lipi?

Niliporudi niliwaomba walimu wa shule yetu tuwachezeshe wanafunzi wa kidato cha tatu mchezo huo. Nilichagua tuta la reli ya zamani. Shida ikaja mara moja: hapakuwa na bamba wala jiwe la kusoma. Na hali mambo yaliyopita hapa si madogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha Mpango wa Karanga, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikafika Nachingwea mwaka 1949, na bandari ya maji ya kina ikajengwa Mtwara. Mvua, udongo na haraka vikaushinda Mpango. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakiri kushindwa, baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa.

Mashamba ya Mpango yalipewa namba. Shamba namba 17 likawa baadaye kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, na humo Samora Machel aliwafunza watu walioikomboa Msumbiji, iliyopata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Vijana wetu hulitamka jina la Farm 17 kila siku. Siku ile mmoja wao aliniuliza: "Mzee, mengine 16 yalikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi tukaamua kwamba mahali pa bamba tutaweka wazee. Kila kundi lilipewa maswali, nalo likatafute majibu majumbani: treni ilikuja lini, ilikoma lini, Mpango ulikufa lini. Miaka hiyo ndiyo iliyotoa tarakimu za kufikia kopo.

Kundi la kwanza lilikuwa bado njiani, likitazama simu huku na huku katika mikorosho, lilipozingirwa na wanakijiji. Waliwadhania wachimbaji wa mali za Wajerumani. Si ajabu, wako watu wanaozunguka nchi hii wakibomoa makaburi na misingi ya majengo ya kale kwa ndoto ya sanduku la rupia. Nilifika mbio, nikatoa shikamoo, nikaeleza. Mzee mmoja aliyeegemea mkongojo akauliza, "Kwa hiyo wajukuu hawa hawachukui kitu?"

"Hawachukui, Babu. Wanaandika tu."

Akacheka. Akasema yeye akiwa kijana alibeba mataruma ya reli ile, na tangu ilipong'olewa hakuna aliyemwuliza neno. Akawaongoza vijana mwenyewe hadi kwenye tuta, akawaonyesha mahali treni ilipokuwa ikipunguza mwendo. Kopo la maziwa lilikuwa pale pale. Wanafunzi waliandika majina yao, kisha wakamwomba naye aandike. Alisema mkono wake hautulii. Wakamwandikia, naye akatia dole gumba kwa wino wa kalamu.

Mzee yule ametangulia mbele ya haki. Daftari lipo katika maktaba ya shule, na kopo lina daftari jipya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi, kabla ya likizo ijayo kwisha, kila mmoja na amwulize mzee mmoja wa kijijini kwake, wa Nachingwea au Ruangwa, aliyoyaona kwa macho yake, ayaandike pamoja na mwaka. Nasi wa zamani, tunaokuja katika mikutano kula pilau na kukumbuka viboko, tulete yetu yakiwa yameandikwa.

Na yeyote anayejua yalipokuwa yale mashamba mengine 16, tafadhali ampelekee Mhariri. Kijana yule bado anasubiri jibu.