Ideos, romu na menyu ya M-PESA: historia fupi ya kubadilisha mfumo wa simu kandokando ya Ngong Road

Leo naweka kando mambo ya msimbo turudi nyuma hadi mwaka 2011. Vijana wengi wanaotaka kubadilisha mfumo endeshi wa simu zao za Tecno na Infinix hudhani mambo haya yanaanzia na kuishia kwa Wazungu na Wachina. La hasha. Hapa Nairobi kazi hii ina historia yake, na kipande chake kinachonivutia zaidi kiko pale Ngong Road, mwendo mfupi wa miguu kutoka Adams Arcade.

Tuanze na simu yenyewe. Mapema 2011 Safaricom ilianza kuuza Huawei Ideos, jina lake la kiwandani U8150, kwa bei ya karibu shilingi 8,000. Kabla ya hapo simu ya Android hapa Kenya ilikuwa kitu cha kuonyeshwa na binamu aliyetoka Marekani. Kufikia Agosti mwaka huo vyombo vya habari vilikuwa vinataja Ideos zaidi ya 350,000 zilizouzwa nchini. Hebu fikiria idadi hiyo, kwa simu ya kioo cha inchi 2.8, prosesa ya Qualcomm ya megahezi 528 na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 256! Leo saa ya mkononi inaipita. Lakini ilikuwa na Android 2.2, na toleo hilo lilileta uwezo wa kuigeuza simu kuwa kituo cha Wi-Fi. Ideos moja ingeweza kugawa intaneti kwa vifaa vinane, kwa hivyo simu moja iliweza kutosha chumba kizima cha hosteli.

Shida yake ilikuwa nafasi. Hifadhi yote ya ndani ilikuwa megabaiti 512, na mfumo wenyewe ulikuwa umeshakula sehemu kubwa. Ukiweka Facebook, ramani na michezo miwili mitatu, simu inaanza kulalamika kwamba imejaa. Android 2.2 iliruhusu baadhi ya programu kuhamia kwenye kadi ya kumbukumbu, ila baadhi tu, na hata hizo ziliacha mabaki yao ndani. Tena kulikuwa na programu zilizokuja na simu ambazo mwenyewe hukuruhusiwa kuzifuta. Umenunua nyumba, lakini stoo moja imefungwa na ufunguo uko kwa fundi aliyeijenga.

Ndipo watu wakaanza kutafuta ruti. Kwa wasiojua, kila mfumo wa jamii ya Unix una mtumiaji mmoja mkubwa asiyezuiwa na chochote, naye huitwa ruti. Android imejengwa juu ya keneli ya Linux, kwa hivyo naye yumo, ila mwenye simu hapewi cheo hicho. Njia iliyovuma kwa Android 2.2 iliitwa rageagainstthecage, ikatoka 2010, na mimi kama mwandishi wa programu naipenda sana kwa sababu kosa lililotumika ni dogo mno. Kuna programu iitwayo adbd inayoongea na kompyuta kupitia waya wa USB. Ikiwashwa huanza kazi ikiwa ruti, halafu inajivua cheo na kuwa mtumiaji wa kawaida. Waandishi wake hawakuangalia kama kule kujivua kumefanikiwa. Basi mdukuzi alichofanya ni kuzalisha michakato mingi ya yule mtumiaji wa kawaida mpaka idadi inayoruhusiwa ikajaa pomoni, kisha akaiua adbd. Mfumo ukaiwasha upya, ikaanza kama ruti kama kawaida, ikajaribu kujivua, ikaambiwa hakuna nafasi ya mchakato mwingine kwa mtumiaji yule. Kwa kuwa haikuuliza jibu, ikaendelea na kazi ikiwa bado na cheo. Mstari mmoja wa kuangalia matokeo ungezuia yote. Hili likumbukeni kila mnapoita kitendaji na kupuuza kinachorudishwa. Baadaye kukawa na z4root, programu iliyofanya mambo haya kwa kubonyeza kitufe kimoja kwenye simu yenyewe, bila kompyuta.

Sasa mahali. Machi 2010 iHub ilifunguliwa ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Ngong Road. Erik Hersman na wenzake wa Ushahidi ndio waliosimama nyuma yake. Ukitoka mjini kwa matatu ya 111, unalikuta jengo hilo kabla ya kufika Adams Arcade. Nebo za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka uliotangulia, 2009, lakini nebo kufika pwani si sawa na nebo kufika mfukoni. Faili moja la romu lilikuwa na makumi ya megabaiti, na kwa aliyezoea kununua intaneti kwa kipimo, hiyo ilikuwa hela ya chakula. Mahali penye intaneti ya kasi, meza na watu waliokwisha kujaribu kabla yako palikuwa na thamani isiyopimika. Mwaka 2011 m:lab ikafunguliwa katika jengo hilohilo kwa ajili ya watengenezaji wa programu za simu. Kwa miaka kadhaa kipande kile cha barabara, chenye Soko la Toi upande mmoja na ofisi za Kilimani upande mwingine, kilikuwa na waandishi wa Android wengi kuliko pengine popote hapa kwetu. Siku hizi iHub haiko tena pale. Ilihamia kwingine Kilimani, na 2019 ikanunuliwa na CcHub ya Nigeria.

Tusiwasahau mafundi wa Luthuli Avenue. Wao walikuwa wanaflashi simu miaka mingi kabla ya neno romu kufika Ngong Road. (Kuflashi hapa si kule kumpigia mtu na kukata ili akupigie yeye!) Tofauti ni kwamba fundi wa Luthuli aliirudishia simu iliyokufa mfumo wake uleule wa kiwandani. Kijana wa Ngong Road alichukua simu nzima, inayofanya kazi, akaiwekea mfumo mwingine kabisa. Mafundi waliwaona vichaa, na siwalaumu.

Mfumo huo mwingine mara nyingi ulikuwa CyanogenMod. Ulianzishwa na Steve Kondik mwaka 2009 kwa ajili ya HTC Dream, simu ya kwanza ya Android iliyouzwa. Septemba 2009 Google ilimwandikia barua ya kumkataza kusambaza Gmail, YouTube na soko la programu ndani ya romu yake, kwa kuwa hizo si za msimbo huria. Tangu hapo romu ikawa inakuja tupu, na programu za Google unaziongeza mwenyewe kwa faili la pili. Toleo la 7, lililotoka 2011, lilijengwa juu ya Android 2.3, na Ideos ikapata lake. Kwa simu ya shilingi 8,000 hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwenye Ideos akawa na toleo jipya kuliko watu wengi waliolipa mara tano.

Njia rasmi ya Huawei ilikuwa nyepesi. Unaweka faili UPDATA.APP ndani ya folda iitwayo dload kwenye kadi ya kumbukumbu, unawasha simu huku umeshika vitufe maalumu, inajisomea yenyewe. Kwa romu ya watu ilibidi kwanza uweke programu ya uokoaji ya ClockworkMod, uchukue nakala ya mfumo mzima, ufute, ndipo uandike mpya. Hatua ya nakala ndiyo iliyorukwa na wenye haraka. Chaji ikiisha katikati, utajua hujui.

Na hapa ndipo penye mkasa wa kwetu hasa. M-PESA, iliyoanza Machi 2007, haikuwa programu ya Android. Iliishi ndani ya kadi ya laini. Kadi ndiyo yenye menyu, ndiyo inayousimba ujumbe na kuutuma kama SMS. Kazi ya simu ni kuichora tu ile menyu kwenye kioo, na kwenye Android kazi hiyo hufanywa na kiprogramu kidogo kiitwacho Stk.apk. Sasa, wapishi wa romu hupenda kupunguza uzito. Mpishi aliyekaa Ulaya au Marekani anaangalia orodha, anaona Stk.apk, maishani hajaigusa, anaifuta ili kuokoa nafasi. Romu inasifiwa kwa wepesi. Mtu wa Nairobi anaiweka, anafurahi, jioni anataka kutuma kodi ya nyumba... menyu haipo. Hakuna kilichoharibika, kadi ni nzima, pesa ziko palepale, lakini mlango wa kuzifikia umefutwa na mtu asiyejua kwamba ni mlango.

Kwa nchi iliyokuwa tayari na wateja wa M-PESA zaidi ya milioni 10, hiyo ni simu isiyofaa. Dawa ya haraka ilikuwa kutoa laini na kuitia kwenye mulika mwizi. Dawa ya kudumu ilikuwa kuichomoa Stk.apk kutoka kwenye romu ya kiwandani na kuipachika kwenye folda ya mfumo kwa kutumia ruti, ukiweka ruhusa za faili sawasawa, kisha kuwasha upya. Ukiniuliza mimi, kibandiko hicho kidogo kina uzito kuliko mapambo yote ya rangi na ikoni yaliyokuwa yanasifiwa wakati ule, maana mtu aliubadilisha mfumo wa mgeni ukaendana na maisha ya hapa.

Kulikuwa na upande wa giza pia. Zana zilezile za kuandika mfumo ziliweza kubadilisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na sheria ya mawasiliano ya Kenya inakataza jambo hilo. Mwishoni mwa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ilizima simu bandia, karibu milioni 1.9, zikakatwa kwenye mitandao. Kuanzia hapo ukisema unaflashi simu, watu walikuangalia kwa jicho la shaka, hata kama shida yako ilikuwa Android 2.3 tu.

Ideos yenyewe haikwenda mbali zaidi. Android 4.0 ilipotoka Oktoba 2011 ilihitaji nguvu ambazo prosesa ile ya kizamani haikuwa nazo. CyanogenMod ikageuzwa kampuni mwaka 2013, ikafungwa Desemba 2016, na kazi yake ikarithiwa na LineageOS ambayo ipo hadi leo.

Kilichobadilika zaidi ni kufuli. Simu za sasa huhakiki saini ya mfumo kila zinapowaka, na programu nyingi za benki hukataa kufunguka zikigundua ruti. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mnunuzi analipa kidogo kidogo kila siku na simu hujifunga akikosa kulipa. Kifungo hicho kiko ndani ya mfumo, hivyo kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani hakukiondoi. Oktoba 2023 kiwanda cha Athi River kilitoa simu za Neon zilizounganishwa hapa hapa, ndogo kwa shilingi 7,499 na kubwa kwa 8,999. Bei ni ileile ya Ideos, baada ya miaka kumi na miwili.