Ushahidi wa Mateso katika Nyumba za Wendawazimu za Uingereza, 1813–1845

Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na tatizo la pekee katika kuthibitisha mateso ya wagonjwa wa akili, kwa kuwa shahidi wa kwanza, yaani mgonjwa mwenyewe, alihesabiwa kuwa hana akili timamu na neno lake halikupewa uzito, ilhali mashahidi waliosalia, yaani watunzaji, ndio hao hao walioshukiwa. Godfrey Higgins, hakimu wa Yorkshire, alikumbana na tatizo hilo mwaka 1813, pale maskini mmoja, ambaye yeye Higgins mwenyewe alikuwa amempeleka katika hifadhi ya wendawazimu ya York, alipotoka humo ana chawa, upele na alama za viboko. Higgins alikusanya maelezo ya watu waliomwona akiwa katika hali hiyo, kisha akalifikisha suala hilo magazetini.

Mwaka uliofuata alifika hifadhini asubuhi na mapema, akataka kufunguliwa mlango mmoja uliofichika. Alipoambiwa kwamba funguo hazionekani, alijibu kwamba ufunguo angeupata mekoni, akimaanisha chuma cha kuchochea moto, na funguo zikapatikana mara moja. Nyuma ya mlango huo palikuwa na vyumba vinne, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa futi 8 hivi kwa 8, matundu ya hewa yamezibwa kwa sehemu na kinyesi, na hakimu akaarifiwa kwamba wanawake 13 walikuwa wamelala humo usiku uliopita. Hesabu za hifadhi nazo hazikunusurika: vifo vilivyotangazwa vilikuwa 221, kumbe waliokufa walikuwa 365.

Huko London, katika hospitali ya wendawazimu ya Bethlem, mpigania mageuzi Edward Wakefield alimkuta mwaka 1814 mgonjwa James Norris, aliyefungwa kwa miaka kumi hivi kwa pete ya chuma shingoni, iliyounganishwa kwa mnyororo wa inchi 12 na nguzo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya futi 6, huku mikono yake ikiwa imebanwa ubavuni. Wakefield alirudi na mchoraji, na picha iliyochorwa ikaenea na kuwashtua watu wengi. Pengine nguvu ya ushahidi huo ilitokana na ukavu wake, maana urefu wa mnyororo haubishaniwi kama yanavyobishaniwa machozi. Kamati Teule ya Bunge, chini ya George Rose, ilisikiliza ushahidi huo mwaka 1815. Daktari na mfamasia wa Bethlem wakapoteza nafasi zao mwaka 1816.

Miaka karibu thelathini baadaye, sheria ya wendawazimu ya mwaka 1845 iliagiza kila hifadhi iandike katika daftari la kila wiki majina ya waliofungwa au kutengwa pamoja na sababu zake. Kwa hiyo kalamu ilikabidhiwa kwa yule yule aliyeshika mnyororo, ingawa wakaguzi wa serikali nao walipewa daftari lao, ambamo iliwapasa kuandika kama wamemkuta mgonjwa yeyote amefungwa.