Mtoto na Kiwanja: Michezo ya Utotoni Inavyojenga Kujiamini



Baada ya Alasiri, watoto wakishatoka chuoni, takriban kila mtaa wa visiwa vyetu una kiwanja chake. Pengine ni uwanja wa skuli, pengine ni mchanga ulioachwa wazi na maji kupwa, pengine ni uchochoro tu wenye mawe mawili huku na mawili kule. Wazazi wanaotuuliza kuhusu michezo huuliza zaidi juu ya uhalali wake: inafaa au haifai, na kwa masharti gani? Hilo tutaligusa. Lakini liko swali jengine ambalo ni nadra kuulizwa, nalo lina uzito wake: mtoto yule anarudi nyumbani na nini? Kuna anayerudi na jasho na vumbi lakini kichwa kiko juu. Na kuna anayerudi kimya, siku ya pili akasema tumbo linamuuma, siku ya tatu akasema mpira haupendi tena. Na wote wawili wametoka kiwanja kimoja.

Kujiamini kunatoka wapi

Kujiamini tunakokusudia hapa si majivuno, wala si ile hali ya mtoto kuambiwa kila saa kuwa yeye ni bora kuliko wenzake. Ni mtoto kuwa na yakini kwamba jambo lililo mbele yake analiweza, au akijitahidi ataliweza kwa idhini ya Allah. Mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba yakini hii ina vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni mtu kulifanya jambo mwenyewe na kufaulu. Kinachofuata ni kumuona mtu mfano wake akifaulu. Kisha huja maneno ya kutiwa moyo, na mwisho namna mtu anavyoufahamu mwili wake mwenyewe, kwa mfano moyo ukimwenda mbio, aichukulie hali hiyo kuwa ni woga au kuwa ni utayari.

Wazazi wengi tumeshika kile chanzo cha tatu peke yake. Tunamsifu mtoto, tunamwambia "unaweza, unaweza", kisha tunashangaa kwa nini haamini. Haamini kwa sababu hajajiona akiweza.

Mtazame mtoto anayejifunza kuogelea. Siku ya kwanza anasimama kwenye maji ya kiunoni na hataki hata kutia uso. Baada ya siku chache anatia uso na kutoa mapovu. Kisha analala chali juu ya maji, mkono wa mkubwa uko chini ya mgongo wake, na siku moja mkono ule unaondolewa bila ya yeye kujua. Akija kugundua kuwa anaelea peke yake, hahitaji tena kuambiwa kuwa anaweza. Mwili wake umeshamwambia. Na mtoto aliyepita hatua hizo bahari ikiwa mbele yake huwa na ushahidi ndani ya nafsi yake kwamba jambo lililomtisha jana leo analifanya. Ushahidi huo anaweza kwenda nao mpaka kwenye chumba cha mtihani.

Kwetu sisi wa visiwani kuogelea si mchezo wa anasa. Baada ya msiba wa MV Spice Islander mwezi wa Septemba 2011, na wa MV Skagit mwezi wa Julai 2012, hakuna haja ya kuieleza familia yoyote ya Unguja au Pemba maana ya kuyajua maji. Imepokewa na An-Nasaaiy kwamba kujifunza kuogelea ni miongoni mwa mambo manne ambayo hayahesabiwi kuwa ni upuuzi. Ama yale maneno yanayosambazwa sana, kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha watoto wafundishwe kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi, yamejulikana zaidi kwa kunasibishwa na ‘Umar bin Al-Khattwaab (R.A.), na mapokezi yanayoyafikisha kwa Mtume yana udhaifu. Tunalitanabahisha hili kwa sababu maana yake ni nzuri na inatosha bila ya kumzulia Mtume neno.

Hapa tuweke tofauti moja. Vijana wanaopiga makachu pale Forodhani, wakirukia baharini kutoka ukutani huku watu wakipiga picha, wana ustadi ambao wengi wetu hatuna. Lakini mtoto anayeruka maji yakiwa yamekupwa kwa sababu tu wenzake wanamzomea, huyo hajiamini. Anaogopa watu kuliko anavyoogopa mwamba.

Mkubwa aliyesimama pembeni

Mara nyingi kinachoharibu si mchezo, ni sisi tuliosimama pembeni ya mstari. Katika Swahiyh Al-Bukhaariy, Salamah bin Al-Akwa‘ (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale. Akawahimiza, na akasema kuwa yeye yuko pamoja na upande mmoja. Upande wa pili ukasimamisha mikono, haukutupa tena. Alipowauliza kwa nini, walijibu kuwa vipi watupe na hali yeye yuko pamoja na wenzao? Ndipo akawaambia waendelee, kwani yuko pamoja nao wote.

Watu wale walikuwa wanaume wazima, tena wenye silaha mikononi. Ikiwa mikono yao ililegea kwa kuhisi kuwa mtu wanayempenda hayuko upande wao, itakuwaje mtoto wa miaka tisa ambaye baba yake anampigia makofi kaka yake peke yake? Au yule ambaye akikosa penati husikia sauti ya baba yake kabla ya kusikia ya refa?

Utafiti uliofanywa Marekani na Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na mwenzao, unafaa kutajwa hapa. Waliwachukua baadhi ya makocha wa besiboli ya watoto, wakawapa mafunzo ya muda mfupi tu: sifu juhudi na si matokeo peke yake, mtoto akikosea, mtie moyo kwanza kisha mwelekeze, usimwadhibu wala usimdhalilishe kwa kosa la mchezo. Makocha wengine wakaachwa kama walivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Msimu uliofuata, katika kila watoto 100 waliokuwa chini ya makocha wa kawaida, 26 hawakurudi kucheza. Kwa makocha waliofunzwa, walioacha walikuwa 5. Na timu za makundi hayo mawili hazikutofautiana katika kushinda na kufungwa. Kwa hivyo kilichowaondoa watoto hakikuwa kufungwa. Katika tafiti za watafiti hao hao ilionekana pia kuwa waliofaidika zaidi na makocha waliofunzwa ni wale watoto waliokuwa wakijiona duni tangu mwanzo.

Kocha wa mtaani asiye na mshahara, anayenunua mpira kwa pesa zake, anastahiki shukrani zetu, nasi hatuandiki haya ili kumtia aibu. Lakini mzazi ana haki ya kwenda kiwanjani kusikiliza namna mtoto wake anavyosemeshwa. Kocha anayemwita mtoto kwa jina la mnyama mbele ya wenzake hamkomazi. Anamfundisha kuuogopa mpira usije miguuni mwake, na mtoto anayeogopa kupewa pasi hatojifunza chochote hata akicheza miaka kumi.

Kushindwa nako kuna adabu yake

Ngamia wa Mtume (S.A.W.) aliyekuwa akiitwa Al-‘Adhwbaa hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Jambo hilo liliwauma Waislamu, mpaka Mtume akawaeleza kuwa ni haki juu ya Allah kwamba hakuna kitu kitakachopanda duniani ila Atakishusha. Ameipokea Al-Bukhaariy kutoka kwa Anas (R.A.). Hakumlaumu bedui, na wala hakudai mbio zirejewe. Naye mama yetu ‘Aaishah (R.A.) amesimulia, kama ilivyo kwa Abu Daawuud, kwamba alishindana mbio na Mtume akamshinda, kisha baada ya muda, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena na Mtume akamshinda yeye, akamtania kuwa hii ni kwa ile ya mwanzo. Nyumba ambayo kufungwa kunazungumzwa kwa utani wa namna hiyo ni nyumba ambayo mtoto haogopi kurudi.

Wengi wetu tunakumbuka Disemba 2017, timu ya Zanzibar ilipofika fainali ya Kombe la Chalenji kule Machakos, ikatoka sare ya mabao 2-2 na Kenya kisha ikafungwa kwa penati. Waliporudi walipokewa kwa shangwe kama mabingwa. Watoto waliosimama barabarani siku ile waliona kitu ambacho hotuba isingewafundisha. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliokwenda kuwapokea ndio hao hao wanaomnunia mtoto wa darasa la nne kwa kufungwa na shehia ya pili.

Mtoto anayechaguliwa wa mwisho

Kila aliyecheza mtaani anaijua desturi hii: manahodha wawili wanasimama, wanachagua mmoja mmoja, mpaka anabaki mtoto mmoja au wawili ambao hakuna anayewataka. Pengine ni mnene, pengine ana kigugumizi, pengine ni mgeni wa mtaa. Husimama akitazama miguu yake. Mtoto huyo ndiye anayeuhitaji mchezo kuliko wote, na ndiye wa kwanza kuuacha.

Dawa yake ni nyepesi: mkubwa agawe timu mwenyewe. Ibn ‘Umar (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliposhindanisha farasi, wale waliotayarishwa aliwawekea masafa marefu, kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa‘, maili tano au sita. Wale ambao hawakutayarishwa aliwawekea kutoka Thaniyyatul-Wadaa‘ hadi msikiti wa Bani Zurayq, kiasi cha maili moja. Kila mmoja alishindana na mfano wake. Mtoto wa miaka saba akipangwa na wa kumi na mbili, hakuna kujiamini kutakakojengeka hapo. Kutajengeka mazoea ya kushindwa tu. Mpe mpira mdogo, goli dogo, wachezaji wanne kwa wanne, na ataugusa mpira mara nyingi badala ya kuwakimbilia wakubwa bila ya kuugusa.

Watoto wa kike

Hapa tutasema wazi. Msichana wa visiwani hucheza nage, rede na foliti mpaka anapokaribia kubaleghe, kisha siku moja anaambiwa basi. Haelezwi kwa nini wala hapewi badala yake. Kaka yake anaendelea kutoka kila alasiri. Ujumbe anaoupata ni kwamba mwili wake umegeuka kuwa tatizo, na hilo linatokea katika umri ule ule ambao anahitaji kujiamini zaidi.

Sheria imeweka mipaka ya stara na ya kuchanganyika, na hatusemi mipaka hiyo ilegezwe. Tunasema kazi ya kutafuta pahala, mwalimu wa kike na vazi ni yetu wakubwa, tusiibebeshe migongo ya watoto wa kike kwa kuwaambia wakae ndani. Uwanja wa skuli wenye ukuta unatosha kwa mpira wa pete. Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuogelea zenye kusitiri, na waliofundishwa wakahimizwa kuwafundisha wenzao. Msichana anayemuona wa kijiji chake, mwenye stara kama yake, akielea juu ya maji, amepata kile chanzo cha pili tulichokitaja mwanzo. Na vazi lijaribiwe nyumbani kabla: anayeogopa kuwa mtandio utavuka hawezi kuruka kwa moyo mmoja.

Ama masharti ya jumla yanajulikana: mchezo usipitishe swala, wavulana wasitiri baina ya kitovu na magoti, pasiwe na matusi, pasiwe na dhara la makusudi, na pasiwekwe pesa za kamari, hata zile shilingi mia tano tano wanazochangishana watoto ili mshindi achukue zote. Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 limependekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili. Kutoka Alasiri hadi karibu na Magharibi dakika hizo zinapatikana, na chuo hakipotei. Mwalimu wa chuo na kocha wakikaa pamoja mara moja wakapanga saa, mtoto hatokuwa na haja ya kumkimbia mmoja kwa ajili ya mwengine.

Akirudi leo jioni, kabla ya kumuuliza wameshinda ngapi, muulize ni kitu gani amekifanya leo ambacho wiki iliyopita kilikuwa kinamshinda. Kisha mwache aseme, hata kama maelezo yake ni marefu na adhana ya Magharibi imekaribia.

Wa-Allaahu A‘lam.