Unataka TV na mziki mnene kwenye Coaster? Anza na umeme, siyo spika

Coaster inayolala Ndandalo na alfajiri inapandisha Tukuyu kwenda Mbeya inagombea abiria na gari nyingine za njia hiyo hiyo. TV na mziki mzuri vinavuta watu. Lakini kazi ikifungwa hovyo, betri zinakufa mlimani au waya unashika moto gari likiwa limejaa. Kagua haya kabla hujamlipa fundi.

1. Gari lako ni volti ngapi?
Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani ni volti 24: betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Hiace na Noah ni volti 12. TV, redio na amplifaya nyingi za magari ni za volti 12. Ukizipa 24 moja kwa moja, umeziunguza.

2. Usichukue umeme kwenye betri moja
Njia ya mkato ni kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Vitu vitawaka, ndiyo. Ila altaneta inazichaji zote mbili kama ziko sawa, wakati moja inatumika zaidi. Moja haijai, nyingine inazidishiwa, na zote zinakufa mapema. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

3. Piga hesabu ya ampea
Gawanya wati kwa volti. TV ya wati 36 kwenye volti 12 inakula ampea 3. Amplifaya inayovuta wati 360 inakula ampea 30, hivyo kishusha volti cha ampea 10 hakiiwezi. Usiamini wati kubwa za kwenye boksi, angalia fyuzi ya amplifaya yenyewe ni ya ampea ngapi.

4. Fyuzi ikae karibu na betri
Fyuzi kuu inalinda waya. Ikiwekwa kule nyuma kwenye bufa, waya mrefu kutoka kwenye betri unabaki bila kinga. Ukichubuka na kugusa bodi, hapo ndipo moto unapoanzia. Isikae zaidi ya nusu mita kutoka kwenye betri, na ikikatika usiweke kipande cha waya badala yake.

5. Redio na TV zilizokuja na gari
Redio nyingi za zamani za Japani zinashika FM kuanzia 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. TV za Japani nazo hazishiki matangazo yetu, maana mfumo wao wa dijitali ni tofauti. Dishi la kawaida linapoteza mawimbi gari likikata kona. Flashi ndiyo rahisi zaidi.

6. Dereva na leseni
Skrini isimtazame dereva, na sauti isimzuie kusikia honi. Kuwapigia abiria nyimbo au kuwaonyesha filamu ni matumizi ya hadharani chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, hivyo ulizia leseni kwanza.

Kabla ya kulipa: washa kila kitu nusu saa, injini ikiunguruma, kisha shika waya mkuu. Ukiwa wa moto, mwambie fundi aweke mnene zaidi. Pesa ibaki mfukoni kwanza.